UZI: Karatu kabla ya Dk Slaa na baada ya Dk Slaa, jimbo lililokuwa halipokei jina la kuletewa

Mwana wa Rhotia:

Habari zenu wakuu,

Kila uchaguzi wa Karatu ukitajwa humu lazima mtu aseme "pale ni kwa Dk Slaa bana", yaani yule mbunge wetu wa Chadema wa 1995 mpaka 2010, basi mjadala umeisha. Mimi ni mzaliwa wa Rhotia na hiyo stori nimeisikia tangu niko shule ya msingi, lakini kila nikiifuatilia naona imeanzia katikati. Karatu haikuanza kumkataa mgombea wa chama kikubwa mwaka 1995. Ilianza 1960, hata Uhuru bado, na vijana wengi wa kwetu hili hawalijui kabisa, ndo maana nimeamua kulileta.

Wakati ule hakukuwa na wilaya ya Karatu wala jimbo la Karatu, tulikuwa ndani ya Mbulu, kuja kumegwa ni mambo ya miaka ya tisini. Agosti 1960 ukafanyika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, viti vya kuchaguliwa vilikuwa 71. TANU ilikuwa moto nchi nzima, viti 58 watu wake wamepita bila kupingwa, vilivyobaki ndo vikaenda kwenye kura. Matokeo yakaja TANU 70 kati ya 71. Sasa hicho kimoja kilichokosekana kilikuwa wapi? Mbulu! Nchi nzima, kuanzia pwani mpaka ziwani, ni Mbulu peke yake.

Aliyeshinda anaitwa Herman Elias Sarwatt. Na hapa ndo pa kusoma vizuri wakuu, Sarwatt hakuwa mpinzani wa TANU wala hakuwa mtu wa wakoloni, alikuwa mwanachama wa TANU. Chama kilimsimamisha Chifu Amri Dodo kama mgombea rasmi, Sarwatt akachukua fomu kama mgombea binafsi, wananchi wakaangalia majina mawili wakamchagua wanayemtaka wao. Hawakuikataa TANU, hawakumkataa Nyerere. Walikataa kuchaguliwa mtu.

Mnaona inafanana na nini? Ngoja nifike 1995.

Katikati hapo kuna chama kimoja, sitakaa sana. Kuanzia 1965 karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili wote wa TANU, mmoja alama yake jembe mwingine nyumba, na majina yanapita kwanza kwenye vikao vya wilaya halafu yanaenda juu Halmashauri Kuu ndo inaamua wawili watakaorudi. Kwahiyo mwananchi alikuwa na uchaguzi kweli, hata waziri alikuwa anaangushwa, Paul Bomani aliangushwa Mwanza mwaka huo huo 1965, lakini wa kuamua nani awe kwenye karatasi hakuwa mwananchi.

Haya, 1992 vyama vingi vimerudi, 1995 uchaguzi. Dk Wilbrod Slaa ni mtoto wa Mbulu, kazaliwa Kwermusl 1948, alikuwa padre, amekuwa Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu TEC mpaka 1991 alipoacha upadre. Anarudi nyumbani anachukua fomu ya CCM. Narudia kwa wanaosahau, fomu ya CCM. Kwenye kura za maoni akaongoza, jina lilipofika juu likakatwa. Watu wa Karatu wakaambiwa mgombea wenu ni mwingine.

Sarwatt wa 1960 alikuwa na mlango wa kutokea, mgombea binafsi. Slaa wa 1995 huo mlango ulikuwa umefungwa, maana katiba baada ya 1992 inataka udhaminiwe na chama. Na sio kwamba hakuna aliyepigania, Mchungaji Mtikila alienda Mahakama Kuu, Jaji Lugakingira akampa ushindi 1994, serikali ikaenda bungeni ikabadilisha katiba. Kwahiyo 1995 mtu aliyekatwa na CCM alikuwa na njia moja tu, atafute chama kingine. Slaa akaenda Chadema, chama kilikuwa na miaka mitatu tu tangu Mzee Edwin Mtei na wenzake wakiasisi, na huko Karatu vijijini nadhani wengi walikuwa hawajawahi kuiona hata bendera yake. Akashinda. Mwaka huo Chadema ilipata majimbo matatu tu nchi nzima.

Hoja yangu ndo hii: Karatu haikuwa ngome ya Chadema halafu ikampata Slaa. Karatu ilikuwa na mtu wake, mtu akakatwa, ikamfuata kokote alikoenda. Kama mgombea binafsi angekuwepo 1995, Slaa angeweza kushinda kama Sarwatt na historia ya upinzani kanda ya kaskazini ingekuwa tofauti kabisa.

Nitaendelea chini.

Kijana wa Mjini:

Mkuu uzi mzuri ila umeurefusha, ukweli ni Slaa alikuwa na jina, padre, msomi, ana PhD, nani angemshinda kule vijijini. Ungemweka mtu wa kawaida Chadema 1995 angepata kura za ukoo wake tu.

Mwana wa Rhotia:

@Kijana wa Mjini nakubali jina lilisaidia. Lakini jina linakupa mara moja, mtu akikuangusha miaka mitano humrudishi. Karatu ilimrudisha 2000 ikamrudisha 2005. Na tuangalie mazingira ya kipindi hicho. Waziri Mkuu 1995 mpaka 2005 alikuwa Sumaye wa Hanang, ukitoka Karatu ukapita Mbulu umefika kwake. 2005 mpaka Februari 2008 Waziri Mkuu ni Lowassa wa Monduli, huyo tunapakana naye kabisa, ukishuka Mto wa Mbu uko jimboni kwake. Jimbo letu limebanwa na Mawaziri Wakuu wawili, kampeni zinakuja na ahadi ya barabara, maji, umeme, "mkichagua upinzani mtachelewa". Na watu wakachagua upinzani miaka 15, na kuanzia 2000 wakawapa Chadema mpaka halmashauri ya wilaya. Hiyo sio kura ya kufuata padre.

Halafu usisahau huyo mtu alifanya nini na hiyo kura. 2007 Mwembe Yanga Temeke, orodha ya mafisadi, mambo ya EPA, ule wizi wa fedha Benki Kuu, aliyesimama pale ni mbunge wa Karatu. 2008 akapewa kamati ya hesabu za serikali za mitaa, LAAC, halmashauri zote nchini zinakuja kujieleza mbele yake. Mkulima wa ngano wa Mbulumbulu alikuwa anasikiliza redio anajua aliyemtuma ndo anayeongea.

Neema_Mangola:

Mimi ni wa Mang'ola, naomba nichangie kidogo kwa upande wetu wa ziwani maana mkisema Karatu mnafikiria mjini na Rhotia tu. Huku Eyasi ni vitunguu, na siasa yetu yote ni vitunguu na maji ya mifereji na barabara ya vumbi. Mnunuzi anakuja na lumbesa, gunia limeshonewa kilemba juu mpaka linamzidi mtu urefu, bei anakulipa ya gunia moja. Nakumbuka mama yangu anasimama pembeni anahesabu debe zinazoingia kwenye kile kilemba, hasemi kitu, kwa sababu akigombana na mnunuzi lori linaondoka na vitunguu vinaoza. Sasa mgombea akija mkutano anaulizwa lumbesa kwanza, asipokuwa na jibu hata avae rangi gani harudi. Sisi hatukuwa Chadema wala CCM, tulikuwa tunasikiliza nani anajibu hilo swali.

Mwana wa Rhotia:

Dada @Neema_Mangola asante sana, hicho ndo kitu ambacho hutakikuta kwenye matokeo ya Tume. Na huku juu kwetu swali lilikuwa maji. Wakubwa watakumbuka vuta nikuvute ya KAVIWASU, ule mradi wa maji wa vijiji, nani ausimamie, bei ya ndoo iwe ngapi, ilikuwa siasa kuliko siasa yenyewe. Watu walikuwa wanaenda kwenye kikao cha maji kuliko mkutano wa chama. Nyingine tembo, wanatoka msituni Ngorongoro usiku wanaingia shambani asubuhi mahindi hayapo, halafu magari ya watalii yanapita mbele ya hilo shamba yanaelekea geti la Lodoare na hela inaenda nao. Mtu ambaye hajakaa hapo hawezi kuelewa kwanini "mkichagua upinzani mtachelewa" haikututisha.

Sasa niende 2010.

Dk Slaa anagombea urais, anapata kura 2,271,941, asilimia 27 na kidogo, Kikwete anashinda. Karatu imebaki bila Slaa kwenye karatasi ya ubunge kwa mara ya kwanza tangu 1995, na wengi wakasema hapa ndo mwisho, CCM inarudi. Chadema ikasimamisha Mchungaji Israel Natse. Akashinda.

Usiku wa kuhesabu mwaka ule nilikuwa nje ya kituo kimoja kule kwetu, shule ya msingi, darasa lina taa ya karabai, sisi tuko nje gizani tumejifunika mablanketi maana baridi ya Rhotia mnaijua. Kila kura ikisomwa wakala wa ndani anakohoa kwa mpango, ikiwa ya kwetu anakohoa, ikiwa ya wenzetu kimya. Wazee walikuwa wanahesabu kwa punje za mahindi kwenye kofia. Fomu 21B, ile ya matokeo ya ubunge, ilipobandikwa mlangoni mzee mmoja akaomba amulikwe na simu, akasoma tarakimu moja moja, akamwaga punje zake akahesabu upya, zikalingana. Ndo akaenda kulala. Hawa ni watu ambao hakuna aliyewalipa wala aliyewaahidi kitu, walitaka tu kuona kura yao imefika.

Mzee wa Bonde la Ufa:

Mwanangu umeandika vizuri. Mimi ni mtu wa upande wa Mbulu, niongeze kwamba 2010 haikuwa Karatu peke yake, na sisi Mbulu tulimchagua Mustapha Akunaay wa Chadema. Kwahiyo Karatu na Mbulu, zilizokuwa pamoja enzi za Sarwatt, zilikuwa upinzani kwa pamoja. 2015 jimbo letu likagawanywa, Mbulu Mjini na Mbulu Vijijini, yote mawili yakarudi CCM. Zacharia Issaay mjini na Flatei Massay vijijini. Huyu Flatei ndiye yule aliyepiga sarakasi bungeni 2022 akidai lami ya Mbulu kwenda Haydom. Watu walicheka nchi nzima, lakini sisi tunaopita ile barabara na wagonjwa wa kupeleka hospitali ya Haydom hatukucheka, tulisema huyu angalau amesema.

Swali langu kwako, kwanini Karatu ilibaki 2015 na sisi tukarudi?

Mwana wa Rhotia:

Shikamoo mzee. Swali lako ni zito na nimelifikiria sana.

2015 ndo mwaka uliotupima kuliko yote. Julai Lowassa anahamia Chadema, anakuwa mgombea urais wa UKAWA, ule umoja wa vyama vya upinzani. Agosti Sumaye naye anafuata. Septemba mosi Dk Slaa anatangaza kuachana na siasa za vyama kwa sababu ya ujio wa Lowassa. Hebu fikirini mpiga kura wa Karatu hapo. Wale Mawaziri Wakuu wawili aliowakatalia zaidi ya miaka 10 sasa wako upande wa chama chake, na mtu aliyemfanya aingie hicho chama ametoka. Ingekuwa kweli "pale ni kwa Slaa", Karatu ingeanguka mwaka huo. Haikuanguka, Willy Qambalo wa Chadema akashinda ubunge.

Kwa maoni yangu sababu ni halmashauri. Karatu tulikuwa na madiwani wa Chadema tangu 2000, kijana aliyezaliwa 1997 alipiga kura yake ya kwanza 2015 na maisha yake yote ya akili anaijua Chadema kama ndo serikali ya wilaya, ndo wanaogombana na mkurugenzi, ndo anaowalaumu zahanati ikikosa dawa. Ilikuwa sio tena chama cha kukimbilia, ilikuwa chama cha nyumbani. Mbulu mlipata mbunge mara moja, hamkupata huo mzizi wa chini, na jimbo kugawanywa kukawavuruga. Mzee utanisahihisha kama wewe uliyekuwa pale uliona tofauti.

Mzee wa Bonde la Ufa:

Marahaba. Umesema kweli, na niongeze mgawanyo ulileta hesabu za koo na kata, kila upande unataka mtu wake. Endelea.

Kijana wa Mjini:

Haya basi 2020 ilikuwaje, mbona "watu wasiopokea jina la kuletewa" walipokea? CCM walichukua jimbo na Daniel Awack ndo akawa mbunge.

Mwana wa Rhotia:

Kaka, 2020 huwezi kuisoma bila 2019. Serikali za mitaa Novemba 2019 wagombea wa upinzani walienguliwa kwa wingi nchi nzima, fomu zina makosa, fomu hazikurudishwa kwa wakati, ofisi imefungwa, mpaka Chadema ikajitoa. CCM ikachukua karibu vijiji na vitongoji vyote Tanzania. Ina maana kuingia 2020 karibu hakuna mwenyekiti wa kijiji wa upinzani aliyebaki na mhuri, na vijijini mhuri wa mwenyekiti ndo kila kitu, barua ya utambulisho, kesi ya mipaka, kila kitu. Ule mzizi wa chini niliomwambia mzee ndo uling'olewa hapo. Halafu Oktoba 2020 majimbo 264, CCM 256, Chadema jimbo moja tu nchi nzima, Nkasi Kaskazini. Karatu iliondoka kwenye wimbi lile lile lililoondoka na Hai, Arusha Mjini, Mbeya Mjini, Tarime. Sasa ukitaka kuniambia watu wa Karatu walibadilika mwaka uleule na saa ileile na watu wa Mbeya na Tarime, mimi siwezi kukubali. Na simsemi vibaya mbunge aliyepatikana, wapo waliompigia kura kwa moyo wao na ni haki yao, nasema tu matokeo ya 2020 hayawezi kutumika kama kipimo cha jimbo letu linataka nini.

Na 2025 ndo kabisa. Aprili Tume ikasema Chadema haikusaini kanuni za maadili kwahiyo haishiriki, mwenyekiti wake Tundu Lissu alikuwa ndani kwa kesi ya uhaini. Oktoba 29 karatasi ya kura ya Karatu haikuwa na Chadema kwa mara ya kwanza tangu 1995. Mtu wa Rhotia aliyetaka kupigia kura chama alichokipigia miaka 25 hakukikuta.

Naomba mniwekee hizi kitu tatu pamoja. 1960 ukikatwa na chama unasimama binafsi, ikawezekana. 1995 ukikatwa na chama unahamia chama kingine, ikawezekana. Leo ukikatwa na chama unaenda wapi? Mgombea binafsi Mtikila alishinda tena Mahakama Kuu 2006, Mahakama ya Rufani ikatengua 2010, akaenda Mahakama ya Afrika hapo hapo Arusha, 14 Juni 2013 ikasema Tanzania inavunja haki za raia wake kwa kuzuia mgombea binafsi. Arusha, wakuu! Kutoka Karatu unapanda basi asubuhi saa nne uko mlangoni kwa hiyo mahakama. Zaidi ya miaka 10 imepita sheria iko vile vile. Hii inaniuma kuliko nani ni mbunge.

Neema_Mangola:

Mgombea binafsi ungetusaidia hata sisi wanawake. Mwanamke huku anaweza kukubalika kijijini, vikoba vyote vinamjua, wenye mashamba wanamjua, lakini kwenye kura za maoni za chama chochote wajumbe ni wale wale na wanajulikana bei. Angesimama mwenyewe wamama wangempa.

Kijana wa Mjini:

Hapo kwa wajumbe nakuunga mkono dada. Ila mgombea binafsi si atakuwa tajiri tu, mwenye hoteli au mnunuzi wa vitunguu mwenye malori? Anajidhamini, anashinda, hana chama cha kumuwajibisha.

Mwana wa Rhotia:

@Kijana wa Mjini hiyo hoja ni nzuri na ndo hoja ya maana pekee niliyowahi kusikia dhidi yake. Lakini matajiri tayari wamo, wananunua wajumbe mia kadhaa badala ya kununua wapiga kura maelfu, wajumbe ni rahisi zaidi. Wapiga kura wote wa jimbo kuanzia Baray mpaka Mbulumbulu, Wairaqw, Wabarbaig, Wahadzabe, Wachaga na Wanyiramba wa Mang'ola, hao huwamalizi kwa pesa. Na kumuwajibisha, mbona miaka mitano ikiisha kuna kura? Sarwatt alisimama bila chama na Mbulu haikupotea.

Ombi langu kwenu, hasa mlioko Mbulu, Dongobesh, Daudi, Endabash, Oldeani. Kama una babu au bibi aliyekuwa mtu mzima 1960, na wapo, wako kwenye themanini na tisini huko, nenda kamuulize uchaguzi wa Sarwatt na Chifu Amri Dodo ulikuwaje. Kampeni zilifanyikia wapi, walipiga kura kwa kutumia nini, nani aliwaambia wasimchague mtu wa chama, chifu alichukuliaje. Muulize pia kama kuna mtu aliadhibiwa baadaye. Rekodi kwa simu, andika hapa hata kwa kifupi, kama anaongea Kiiraqw tu usihangaike tutakusaidia kutafsiri. Mzee wa Bonde la Ufa naomba uanze wewe.

Mzee wa Bonde la Ufa:

Mwaka huo nilikuwa nachunga ndama, sikupiga kura. Kaka yangu mkubwa alipiga. Yuko Dongobesh, masikio yamepungua lakini akili iko vizuri. Jumapili baada ya ibada nitaenda.